Doa alikuwa anacheza, akaanguka: ni jirani, ni mimi, au ni moyo?

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Siku tisa zilizopita paka wetu Doa alikufa mbele ya macho yetu, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia kwa nini. Alikuwa dume wa mwaka mmoja na miezi minne, mweupe, na doa jeusi juu ya jicho. Alizaliwa hapa hapa nyumbani pamoja na dada yake Ukungu, ambaye bado tunaye.

Ilikuwa saa mbili usiku, tumeshakula. Binti yangu Upendo, mwenye miaka saba, alikuwa anavuta uzi wa kufumia sweta na Doa anaukimbiza, mchezo wao wa kila siku. Akaruka, akatua, akalia mara moja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaanguka ubavu. Miguu ikawa inapigapiga kama anakimbia huku amelala. Akajikojolea. Akafungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini, mara tatu au nne. Nilipomshika kichwa niliona ulimi umekuwa wa zambarau na mboni zimetanuka zimejaa jicho zima. Hakutapika, hakutoa povu wala udenda, hakutoka damu. Haikupita dakika mbili akawa amekwisha. Jioni ile ile alikula dagaa wake akalamba na sahani.

Tulimzika asubuhi chini ya mparachichi. Tangu hapo silali. Jirani tunayepakana naye ukuta alikuwa ametoka kuvuna, na wiki hiyo aliweka sumu ya panya stoo. Sisi wenyewe tulichanganya dawa ya unga kwenye magunia yetu ya mahindi. Siku tano kabla nilimpa Doa kidonge cha minyoo kutoka duka la dawa za mifugo. Na usiku huo, kwa baridi hii ya Juni, jiko la mkaa lilikuwa ndani. Mama mkwe anasema Doa amebeba balaa lililokuwa linatujia sisi, na akisema hivyo anatazama upande wa jirani. Mume wangu anasema ni paka tu, atatafutwa mwingine. Upendo hali vizuri. Aliniuliza kama Doa hasikii baridi huko chini, na jana akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyemkimbiza." Ukungu analia mlangoni kila usiku.

Nimfukue akapimwe? Na Ukungu naye yuko hatarini?

Mama Upendo

MAJIBU

Mama Upendo, pole sana kwa msiba. Pole na kwa Upendo, na kwa Ukungu.

Naanza na swali moja kabla ya mengine yote. Katika siku kumi za mwisho za uhai wake, Doa alimng'ata mtu yeyote, au kumparura hadi damu? Alibadilika tabia, akawa mkali bila sababu, akajificha gizani, akashindwa kumeza? Kama jibu ni ndiyo, nendeni hospitali leo mkaeleze, aliyeumizwa aanzishiwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huugua kichaa. Paka anayecheza na uzi hafi kwa kichaa ndani ya dakika mbili, kwa hiyo sidhani kama ndicho kilichomuua Doa, lakini ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, ndiyo maana swali hili haliachwi. Na kwa msomaji mwingine yeyote: ukiumwa na mnyama, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu ndiyo uende kituo cha afya.

Sasa turudi usiku ule. Unasema huna jibu, lakini barua yako ina ushahidi mwingi kuliko unavyofikiri. Ulimshika kichwa ukautazama ulimi. Watu wengi hawaoni hata hilo, na hilo ndilo linalotusaidia zaidi kuliko mengine yote.

Anza na jiko. Hewa ya mkaa, yaani kaboni monoksidi, ikimuua mnyama hufanya fizi na ulimi kuwa vyekundu vya kung'aa, kama mtu aliyekula tunda la rangi. Wa Doa ulikuwa wa zambarau. Zaidi ya hapo, mlikuwa chumba kimoja naye, na hukutaja kwamba mtu aliumwa kichwa au kusikia kichefuchefu. Jiko halikumuua Doa. Ila litoeni chumbani leo. Usiku wa Juni na Julai huko kwenu ni mkali na najua kwa nini watu hulala nalo, lakini mkaa unaoonekana kama majivu matupu bado unatoa hewa hiyo, nayo haina harufu. Lipasheni chumba moto mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha litolewe nje kabla mtu hajafumba jicho.

Sumu ya panya kwa jirani. Sumu hizi si moja, na kila moja ina mwendo wake. Zile za kuzuia damu kuganda huchukua siku tatu hadi tano baada ya paka kula sumu yenyewe au panya aliyekula. Paka huwa mnyonge, hupumua kwa shida, na fizi zake hupauka hadi nyeupe kama karatasi kwa sababu damu imevujia ndani. Zinki fosfidi ni ya haraka, dakika 15 hadi saa chache, lakini haimuui kimya kimya. Paka hutapika, tumbo humuuma, hushikwa na degedege, na matapishi hunuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza. (Harufu hiyo ni gesi yenye sumu hata kwa mtu, kwa hiyo matapishi ya namna hiyo usiyainamie, fungua madirisha kwanza.) Zile za jamii ya organofosfati na karbameti, ambazo mara nyingi ndizo huuzwa sokoni katika vipakiti visivyo na lebo, humtoa paka udenda na machozi, humharisha, humtetemesha misuli, na mboni zake husinyaa hadi kuwa kama ncha ya sindano. Mboni za Doa zilitanuka zikajaa jicho, na mdomo wake ulikuwa mkavu.

Dawa ya unga ya mahindi nayo mara nyingi huwa na permethrini, sumu ya wadudu, na paka kweli haiwezi. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa au la ng'ombe. Lakini paka aliyeipata hutetemeka masikio na ngozi, huyumba, hushikwa na degedege kwa saa nyingi, wakati mwingine siku mbili au tatu. Haanzi akicheza na kumaliza ndani ya dakika mbili. Kidonge cha minyoo cha siku tano nyuma hakihusiki. Hukunitajia Panadol, lakini wengi humpa paka nusu kidonge wakidhani wanamsaidia homa, kwa hiyo niseme: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Damu yake hugeuka kahawia na fizi nazo huwa za rangi ya chokoleti.

Utaona basi kwamba rangi inasema. Nyekundu ya kung'aa, nyeupe, kahawia, zote hukuziona. Uliona zambarau, ambayo ni rangi ya damu iliyosimama bila hewa, na uliiona kwa paka mzima, dume, kijana, aliyetoka kula vizuri, akaanguka katikati ya mchezo. Picha hiyo inaelekea kwenye moyo.

Ugonjwa wa moyo unaowapata paka zaidi ya mwingine wowote ni ule wa misuli ya moyo kunenepa. Ukuta wa chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini, hukua kwa ndani. Ukifika unene wa milimita 6 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Nafasi ya damu inapungua, misuli yenyewe inakosa damu ya kutosha, na humo ndani kunabaki makovu madogo yanayoweza kuvuruga umeme wa moyo. Siku umeme huo unapovurugika, moyo hausukumi damu tena, unatetemeka tu. Paka hulia, huanguka. Uchunguzi uliofanywa London kwa paka wanaoonekana wazima kabisa, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta takriban 15 katika kila 100 wana moyo wa namna hiyo. Walio wengi huishi nao miaka bila shida. Wachache, na madume huongoza, dalili yao ya kwanza ndiyo hiyo uliyoiona. Daktari angeweza kumsikiliza Doa wiki moja kabla asisikie kitu, kwa sababu si kila moyo mnene hutoa sauti.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea. Lakini kati ya yote yaliyokunyima usingizi, hiki ndicho kinachofanana na ulichokiona.

Na lile linalokurudia ukifumba macho, ile miguu, ule mdomo: moyo ukisimama ubongo hukosa damu, na fahamu hutoka ndani ya sekunde 10 hadi 15. Kile kilio kimoja kilikuwa chake. Kupigapiga miguu, kujikojolea, kufungua mdomo, vilikuja baada ya yeye kuwa hayupo tena. Ni mwili unazima. Doa hakuteseka dakika mbili, na hakuna ulichoshindwa kukifanya katika dakika hizo.

Usimfukue. Baada ya siku tisa ardhini, hata katika udongo wa baridi wa Uyole, misuli ya moyo imeshaharibika kiasi kwamba hata chini ya darubini haisomeki. Utapata maumivu mapya bila jibu. Nenda kaangalie kaburi tu. Kama shimo halikufika futi tatu, ongeza udongo na upange mawe mazito juu, mbwa wasifukue.

Kwa wasomaji wengine, kwa kuwa nafasi ya kujua huwa ni siku ya kwanza tu, nieleze. Mnyama akifa ghafla na unataka uchunguzi, mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata saa hiyo hiyo, usisubiri kuche. Vaa glavu, au mifuko miwili ya nailoni mikononi. Piga picha za fizi, macho, kucha na mahali alipolala. Kucha zilizosagika au kuchanika ni alama ya kugongwa na gari au bodaboda hata kama mwili hauna jeraha. Mfunge kwa kitambaa, kisha mifuko miwili, mweke kwenye ndoo au boksi lenye chupa za maji yaliyogandishwa. Apoe, asigandishwe, kwa sababu barafu hupasua nyama na kumfichia mchunguzi anachokitafuta. Jokofu lenye chakula cha watu hapana. Ndani ya saa 24 uchunguzi huwa mzuri, baada ya hapo unazidi kufifia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Iringa, na daktari wa mifugo ndiye anayejua sampuli ipi ipelekwe na kwa utaratibu gani. Usimpasue mwenyewe kamwe, kwa ajili ya kichaa na kwa ajili ya ile gesi. Utasikia wakisema "mzoga". Lisikuumize, ni neno la kazi. Na ujue kabla ya kulipa kwamba uchunguzi mzuri kabisa nao huweza kurudi bila jibu, hasa pale umeme wa moyo ulipozima bila kuacha alama.

Jirani. Mama mkwe wako nadhani anatafuta namna ya kusema kwamba kifo cha Doa hakikuwa bure, na mwenye umri wake hatukanwi kwa hilo. Lakini usiruhusu sentensi ile ivuke ukuta. Tuhuma ya sumu, na hiyo nyingine iliyo nyuma yake, huvunja watu wanaochota maji bomba moja, na ulichokiona kwa macho yako hakimshtaki mtu huyo. Nenda kwake kwa jambo lililo la kweli: una mtoto na una paka mwingine, na ameweka sumu. Muombe aiweke ndani ya boksi lenye tundu la panya tu, na kila asubuhi panya waliokufa waokotwe na kufukiwa kabla Ukungu hajawafikia. Mwambie pia Doa amekufa. Huenda akakupa pole, na utakuwa umeupata ujirani wako tena.

Upendo ndiye anayenihangaisha kuliko wote. Mtoto wa miaka saba amebeba peke yake kwamba aliua, na ameshakuambia. Usimjibu "achana na hayo." Kaa naye, mshike, umwambie kwa maneno mafupi: "Doa alikuwa na ugonjwa ndani ya moyo, hatukuuona, hata daktari asingeuona. Mlicheza hivyo kila siku na kila siku aliamka. Wewe hukumuua." Ni kweli kwamba mbio huongeza kasi ya moyo, lakini moyo kama huo huzima hata paka akiwa amelala juu ya godoro, kwa hiyo humdanganyi. Kuhusu baridi, mjibu alichouliza: aliyekufa hasikii baridi, hasikii njaa, haumwi. Usiseme Doa "amelala" wala "amesafiri." Kwa neno la kwanza ataogopa kulala, kwa la pili atamsubiri. Atarudia maswali yale yale, labda kwa wiki. Mjibu vile vile kila mara. Akitaka kuweka ua au ule uzi kwenye kaburi, mwache. Na paka mwingine asiletwe bado, mwambie baba yake hivyo kwa upole. Mtoto akiletewa wa pili haraka hujifunza kwamba wa kwanza alikuwa kitu cha kubadilishwa.

Ukungu. Kulia mlangoni ni kumtafuta ndugu yake, na kwa paka wengi hupungua ndani ya wiki chache. Usiifue bado nguo aliyolalia Doa. Mpe chakula saa zile zile, pasha dagaa kidogo harufu ipande, bila chumvi wala kitunguu. Akikaa siku nzima bila kula kabisa mpeleke kwa daktari, kwa sababu paka asiyekula hukusanya mafuta kwenye ini na huugua haraka.

Je, yuko hatarini? Ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo inawezekana, ingawa majike huugua kwa uchache. Kuna kipimo cha jeni kwa paka wa aina ya Maine Coon na Ragdoll, lakini hakiwafai paka wetu wa nyumbani. Kipimo chenye jibu ni cha moyo kwa mawimbi ya sauti, madaktari hukiita eko, na ukikipata popote utakapokuwa safarini, kifanye. Kabla ya hapo, mambo matatu. Mwambie daktari habari ya Doa kabla hajamfunga Ukungu kizazi, maana ketamini, ambayo hutumika sana kulaza paka, huukimbiza moyo na moyo mnene haupendi hilo. Mwambie pia kabla ya sindano yoyote ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, ile ya kukaa muda mrefu. Na akipumua mdomo wazi baada ya mchezo mdogo, au miguu ya nyuma ikipooza ghafla na kuwa ya baridi, hiyo ni dharura ya saa hiyo.

La tatu ni la nyumbani na halina gharama. Ukungu akishalala fofofo, si akikoroma kwa raha mapajani, tazama ubavu wake ukipanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni vizuri. Ikizidi 30, mwache, rudia baada ya saa moja. Ikibaki hivyo, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo na daftari lako. Fanyeni mara mbili au tatu kwa wiki, mwandike tarehe na namba. Wewe hesabu pumzi, na Upendo ashike saa.